Mstari wa Chokaa Hadi Mlangoni

Sura ya Tisa

Kulipopambazuka Ninon Chastang alikuwa ameshamaliza kazi, na kwa kweli alikuwa ameifanya vizuri. Mstari mweupe wa chokaa ulianzia kwenye lango la shamba la akina Faurie, ukashuka katikati ya njia ya changarawe, ukavuka daraja lililokuwa la treni, ukapita chini ya mialoni, ukaja kukomea kwenye kizingiti cha mlango wake. Ulinyooka kiasi kwamba refa yeyote angeukubali. Aliuchora kwa kile kitoroli cha kuchorea mistari ya uwanja wa mpira. Yeye ndiye aliyekuwa akifua jezi za timu ya kijiji, na ufunguo wa stoo ulining'inia jikoni kwake.

"Hapo mlangoni umepinda," alisema Bibi Léontine kutoka dirishani, kikombe cha kahawa mkononi, nywele bado zimefungwa kitambaa cha kulalia.

"Haujapinda, Bibi."

"Umepinda. Sisi tulitumia pumba za ngano, tena kwa mkono, na haukupinda."

"Mlimwekea nani?"

"Waliostahili." Bibi akapuliza kahawa yake. "Chokaa imebaki? Ile ilikuwa ya zizi la ndama wangu."

"Haijabaki hata ya kushika kidoleni."

"Basi ndama watasubiri. Leo tuna shughuli."

Ninon hakucheka. Mikono yake ilikuwa myeupe mpaka kwenye viwiko, macho yamemwiva kwa vumbi na kwa kukosa usingizi, na kifuani mwake kulikuwa na furaha chungu ambayo hakuwahi kuionja kabla. Leo Bastien Faurie anaoa. Leo Vernejoux nzima itajua ni kwa nani alikuwa akija kwa baiskeli, miaka mitatu, taa imezimwa.

Kijijini Vernejoux mstari kama ule hauhitaji maelezo. Mwanamume akienda kuoa huku ameacha nyuma mwanamke aliyemficha, asubuhi ya harusi huamka akaukuta, umetoka mlangoni kwake umekwenda mlangoni kwa huyo aliyemficha. Haufagiwi na mtu mwingine. Mwenye mstari ndiye anayeshika ufagio, mchana, watu wakiona, na akishafagia jambo limekwisha, hakuna wa kulitaja tena. Asiyefagia husemwa hadi anazikwa. Ninon hakutaka Bastien arudi, wala hakutaka machozi yake. Alitaka amwone na ufagio mkononi, aseme kwa mdomo wake mwenyewe kwamba ni yeye.

Maana kwa miaka mitatu mdomo huo ulikuwa na wimbo mmoja tu. "Msimu ukiisha nitamwambia Mama." Msimu ni wa watalii. Bastien alikuwa na duka la kukodisha baiskeli, na alichowauzia watu wa Paris na Ubelgiji ni hicho hicho kilichopita mbele ya nyumba ya Ninon: njia ya changarawe isiyo na magari, inayotoka kijiji hadi kijiji pale ilipokuwa reli, usikopigiwa honi wala kupumua moshi. Aliisifu kwa ufundi. Hakuwaambia wageni kwamba njia isiyo na magari haina pia macho. Jioni aliteremka nayo kimya kimya, alfajiri akapanda nayo kimya kimya, na mchana alipopita na kundi lake wakasimama kwa Ninon kula chapati za maji, alimwambia "asante, dada" kama mtu aliyemwona siku hiyo tu. Ninon alimwekea ile jamu ya plamu aliyoipenda, kisha akageukia jiko ili wageni wasiuone uso wake.

Misimu mitatu ikaisha. Wa nne ulipoanza, kwenye ubao wa ofisi ya meya likabandikwa tangazo la ndoa ya Bastien Faurie na Apolline Delmas, binti wa daktari wa mjini. Ninon alilisoma huku ana mikate miwili kwapani. Alikwenda moja kwa moja dukani kumwuliza, naye Bastien akamjibu bila kuacha kujaza upepo kwenye gurudumu. "Unajua Mama alivyo," alisema.

Ninon alijua. Mama yake Ninon aliondoka na Mholanzi mmoja mwendesha baiskeli, Ninon akiwa bado shule ya msingi, akamwacha kwa Bibi Léontine katika nyumba ile ya kizuizi, ambamo ukoo wao ulikuwa ukishusha na kupandisha mlingoti mwekundu na mweupe wa kufunga njia mpaka siku treni zilipokoma. Na Bi Josette Faurie, mama yake Bastien, alilisema sokoni mbele ya meza ya jibini, kwa sauti ya kusikika vizuri: "Nyumba ya kizuizi ile. Kila apitaye hufunguliwa." Watu walicheka. Bastien alikuwa hapo hapo amebeba kikapu cha mama yake, naye akacheka. Ninon angeweza kusamehe yote, hata pete ya Apolline. Kicheko kile hakukisamehe.

Basi aliketi kizingitini na kahawa yake, akasubiri kijiji kiamke.

Wa kwanza kufika alikuwa Mireille mwuza mikate, baiskeli imejaa makapu, akitoka kupeleka mikate ya karamu kwa akina Faurie. Alikuwa anacheka tangu kule kwenye mialoni.

"Ninon, shoga yangu, mbona ulitufanya wageni?"

"Niliwafanya wageni kivipi?"

"Mambo mazuri kama hayo unayala peke yako." Mireille akaegesha, akamchuna shavu. "Wewe na Gaspard."

Kikombe kikasimama katikati ya hewa. "Mimi na nani?"

"Na Gaspard. Usijitie hujui, mstari unang'aa mpaka unaumiza macho. Bastien mwenyewe ametusimulia, amesimama langoni na kaptula anacheka mbavu hana. 'Kaka yangu huyo, kimya kimya, kumbe ana mambo. Vijana wamemfichua siku ya harusi yangu.' Wageni wote wameshajua."

"Na Bi Josette?"

"Amenuna kidogo. Halafu akasema heri huyu mkubwa, maana huyu hata hivyo asingepata mtu." Mireille akaona ametia chumvi mahali penye kidonda. "Mimi nasema nilichosikia tu, shoga."

Alipoondoka, Ninon alibaki ameukodolea macho mstari wake. Nyumba ya akina Faurie ilikuwa na vijana wawili. Kila mtu alijua hivyo, hata yeye alijua, ila usiku mzima alipokuwa akisukuma kile kitoroli hakukumbuka. Kwa miaka mitatu katika nyumba ile aliishi mwanamume mmoja tu, na hilo ndilo kosa la mtu aliyependa vibaya. Mstari huunganisha mlango na mlango, hautaji jina. Na Bastien, mwenye akili nyepesi ya biashara, alikuwa ameliona hilo kabla hajanawa uso.

Alikuwa amejifichua mwenyewe bure, na mtu aliyetakiwa kuaibika anacheka mbavu hana.

"Usilie," alisema Bibi kutoka dirishani.

"Silii."

"Vizuri. Maana kuna mtu anakuja."

Alikuwa Gaspard. Alikuja akisukuma baiskeli yake kuukuu, akitembea pembezoni kabisa mwa njia ili asikanyage chokaa, ufagio umefungwa kwa kamba kwenye usukani. Alikuwa mkubwa kwa Bastien, mabega mapana, shingo imeiva kwa jua. Kazi yake kijijini ilikuwa kuitunza njia ile ile: kufukia mashimo, kusafisha mifereji, kuisawazisha changarawe kwa reki.

"Habari za asubuhi, Ninon. Shikamoo, Bibi Léontine."

"Marahaba, bwana harusi," alijibu Bibi.

"Bibi, ingia ndani," alisema Ninon.

"Nasikia vizuri zaidi hapa."

Gaspard akafungua ile kamba taratibu. "Wameniambia nifagie kabla hawajapita. Wote wanakuja kwa baiskeli, ndivyo Bastien alivyopanga, waelekee kwa meya. Kuna na mpiga picha wa gazeti."

"Na wewe umewaambia nini?"

"Sikuwaambia kitu. Nimechukua ufagio nikaja."

"Unajua kwamba si wewe."

"Najua."

"Tangu asubuhi hii?"

Alikuna shingo yake. "Tangu mwanzo. Gurudumu lake la nyuma lina alama yake, Ninon. Lilishuka jioni, likapanda asubuhi. Mimi ndiye mwenye reki. Nilikuwa nazifuta kabla watu hawajapita."

Ninon alisimama, kahawa ikamwagikia chokaa. "Kwa hiyo ulikuwa unamsitiri. Miaka mitatu. Yeye ananidanganya, wewe unafagia nyuma yake kama mtumishi."

"Watu walifikiri mimi ni mchapakazi."

"Usinifanyie mzaha. Nakuuliza, ulikuwa unamsitiri mdogo wako?"

Gaspard aliinua macho. Hakuwa mtu wa kutazama watu. Hata akija kula hapo alitazama sahani yake. Sasa alimtazama Ninon, na hakuyaondoa macho upesi, na Ninon akahisi uso wake unapata moto kwa sababu ambayo haikuwa hasira peke yake.

"Sikutaka kuziona alama zile," alisema. "Basi."

Dirishani kikombe kiligonga sahani. Ninon alielewa, na hakutaka kuelewa.

"Usiniletee hayo leo," alisema kwa sauti ya chini. "Leo nina hasira, na sitaki mtu anipunguzie."

"Sijaja kukupunguzia. Nimekuja kukuuliza nifanyeje. Nikifagia, ni mimi na wewe, na jambo limekwisha. Hakuna wa kukunyooshea kidole."

"Ukifagia, Gaspard, atakuwa ameniibia hata kisasi changu." Akanyoosha mkono. "Nipe."

Alimpa ufagio. Vidole vyao vilikutana kwenye mpini, na vyake Gaspard vikabaki na chokaa, hakuvifuta. Alikuwa akiutazama ule mlingoti mwekundu na mweupe uliosimama kando ya nyumba, mrefu kuliko paa.

"Hicho kizuizi bado kinashuka?"

"Bibi hukitia grisi kila mwaka."

"Kwa nini, na treni zimekwisha?"

"Kwa siku kama ya leo," alijibu dirisha.

Kengele ya kanisa ilipolia, walitokea. Walikuwa wengi, baiskeli zimefungwa riboni, vikapu vimejaa maua, mpiga picha anaendesha mbele huku anageuka nyuma. Apolline alivaa gauni jeupe fupi la kuendeshea, shela imebanwa kwenye kofia. Bastien alikuwa kando yake katika suti ya kijivu, anapungia watu. Bi Josette alifuata kwa baiskeli ya umeme, kofia pana, mgongo umenyooka. Ile njia ilikuwa inapendeza asubuhi hiyo, Ninon hakuweza kukataa, na wote walikuwa wakiendesha juu ya mstari wake.

Aliushika mkono wa chuma wa kizuizi akauzungusha. Kizuizi kikashuka polepole huku kengele yake ya zamani ikilia. Mbele walifunga breki, magurudumu yakakwaruza changarawe, wa nyuma wakawagonga wa mbele, vikapu viwili vikamwaga maua.

Bastien alishuka na lile tabasamu lake la wateja. "Ninon, fungua basi. Tutamchelewesha meya."

"Meya hana haraka. Nina mstari mlangoni kwangu, haujafagiwa."

"Gaspard," aliita Bi Josette. "Nilikuambia ufanye nini?"

Gaspard alikuwa ameegemea mwaloni, mikono kifuani. "Uliniambia nifagie, Mama."

"Sasa?"

"Si wangu." Akatazama vidole vyake vyeupe. "Ningependa uwe wangu. Lakini si wangu."

Apolline aligeuza kichwa polepole. Alikuwa mwanamke mwenye uso mpole na macho yasiyo mapole. "Si wa Gaspard," alisema. "Sasa mpenzi, nyumbani kwenu mko wanaume wangapi?"

"Polini, huu ni utani wa kijijini. Wanafanya kwenye kila harusi."

"Kweli ni utani," alisema Ninon. "Ufagio huu hapa, Bastien. Mwambie bibi harusi, mbele ya watu hawa, kwamba mstari huu haukuhusu. Sema hivyo tu. Ukisema, nanyanyua kizuizi sasa hivi na nafagia mwenyewe."

Alimwachia mlango wazi, na alijua atataka kuupita. Akikana, basi, ameshinda, na yeye atabaki kuwa mwanamke wa kizuizi hadi uzeeni. Bastien alitazama kizuizi. Akatazama mpiga picha. Akavuta pumzi, akafungua mdomo.

"Kijana," alisema Bibi Léontine kutoka dirishani, "kabla hujaapa, chukua soksi zako. Nimezifua." Na akazining'iniza nje, jozi nzito ya kijani yenye mistari ya njano.

Bastien alifunga mdomo. Lakini si yeye aliyezitazama sana soksi zile. Apolline alizitazama mpaka rangi ikamtoka.

"Nilikupa Krismasi," alisema. "Siku uliyonivisha pete." Kisha akamgeukia Ninon. "Alikuja mara ya mwisho lini?"

Ninon alikuwa amejiandaa kumchukia. Sasa alimwona mwanamke mwenzake aliyeshika usukani kwa nguvu hadi vifundo vya vidole vimeng'aa. "Jioni kabla ya tangazo kubandikwa," alimjibu.

Apolline akalaza baiskeli chini, akainama akapita chini ya kizuizi, akamwomba Ninon ufagio, akarudi nao upande wa pili. Alimwekea Bastien mkononi.

"Fagia."

"Polini, tuzungumze kwanza."

"Fagia. Na useme ni wa nani, maana wa nyuma hawajasikia."

"Ni wangu," alisema Bastien, kidevu kifuani.

"Hawajasikia."

"Ni wangu. Nilikuwa mimi. Mimi na Ninon."

Hayo ndiyo maneno aliyoyasubiri misimu mitatu. Yalitoka mepesi kuliko alivyoyafikiria, ya mtu aliyebanwa, lakini yalitoka, na kila mtu aliyasikia. Tusimsingizie utakatifu: Ninon alifurahi. Wanaosema kisasi hakina utamu hawajamwona mwanamume akifagia changarawe kwa viatu vya harusi. Chokaa ilishindilia kati ya kokoto, ikabidi aikwangue, na kila alipokwangua ilimrukia kwenye suti. Mpiga picha hakujua afanye nini, akaendelea kupiga picha.

"Nifungulie," alisema Apolline. Ameshaivua shela, ameitupa kwenye kikapu. "Hii njia inafika wapi?"

"Ukiifuata tu, hadi mjini kwenu. Hakuna gari hata moja. Hakuna wa kukusumbua."

Ninon alinyanyua kizuizi. Apolline akapita peke yake, hakugeuka nyuma, na gauni lake jeupe lilionekana kwa muda mrefu kati ya miti. Kisha Ninon akakishusha tena.

Bi Josette alikuja mbio, kofia imekwenda upande. "Mbona unafunga? Fungua tumfuate, tuzungumze naye. Ninon, mwanangu, fungua."

Hakuwahi kumwita mwanangu. Ninon alimtazama vizuri, kama anavyotazamwa mtu mwenye sauti ya kusikika sokoni.

"Bi Josette," alisema, "katika nyumba hii, si kila apitaye hufunguliwa."

Safari hii hakuna aliyecheka. Mmoja mmoja wageni wakageuza baiskeli zao, wakarudi walikotoka, wakimpita bwana harusi aliyekuwa bado kwenye mwaloni wa kwanza. Bi Josette alikuwa wa mwisho. Hata injini yake ndogo ilisikika imechoka.

Gaspard ndiye aliyebaki. Aliichukua baiskeli yake, akasimama nayo.

"Nenda nyumbani," Ninon alimwambia. "Mama yako atakuhitaji."

"Sijui kama bado ana haja na mimi."

"Nenda hivyo hivyo."

Akaitika kwa kichwa, akageuza usukani. Alikuwa ameshaanza kukanyaga pedali Ninon alipomwita.

"Gaspard. Kesho njoo. Njoo mchana, watu wakiwa wamejaa hapa wanakula, uegeshe mbele ya mlango."

Aliweka mguu chini. Alimtazama tena kama asubuhi, na safari hii Ninon hakutafuta jiko la kugeukia.

"Na alama za gurudumu langu?" aliuliza.

"Usizifute."